Nafasi ya Kuitika

Herufi ya kwanza ilidondoka toka juu ya skrini, ikagonga chini, ikaruka mara mbili, ikatulia. Ikafuata ya pili. Zilipotimia tisa, jina IGIRANEZA lilikuwa limesimama jeupe katikati ya weusi, na Blandine akageuka kwa fahari kumtazama mama wa mtoto.

Mama Nyirabagenzi alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Kilima njo kilimuangukia mutoto wangu," alisema. "Juu ya nini munamuangusha tena?"

Blandine aliisimamisha programu. Katembo, mwenye duka, ambaye siku zote hakosi neno, alijifanya anatafuta karatasi.

Miezi mitatu Blandine alikuwa akijifunza kuchezesha maandishi katika duka hilo la picha na fotokopi, Masisi-centre. Diploma yake ilikuwa ya ualimu. Kazi hii alifundishwa na video za Kifaransa ambazo Katembo alizileta toka Goma. Alizitazama mpaka akazikariri. Alijua kuweka alama mbili kwenye mstari wa muda, moja mahali herufi inapoanzia, nyingine inapofikia, kisha kuiachia programu ijaze safari ya katikati. Mwalimu wa kwenye video alirudia kila mara kwamba herufi isiyo na uzito haina uhai. Ndiyo maana alijivunia ule mdundo wa herufi kugonga chini na kuruka. Aliutumia kutangaza unga na sabuni, na watu wakasimama mlangoni kucheka. Akautumia pia kwa marehemu kumi na wawili wa maporomoko ya udongo ya karibu na Kingi, bila kufikiri.

Misa ya kutimiza mwaka ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano. Marehemu wengine wote walikuwa na picha za kuonyeshwa kanisani. Igiraneza, mtoto wa miaka saba, hakuwa na hata moja. Nyumba ilifukiwa pamoja na kila kilichokuwa ndani, na mama yake sasa aliishi chini ya bashi, turubai la msaada, kambini Lushebere. Kilichobaki cha mtoto ni jina. Jina hilo likipita kanisani kama tangazo la sabuni, basi hata hilo limepotea.

"Tuweke ua," Katembo alinong'ona. "Ao picha ya mutoto mwingine, wa mbali. Watoto wanafanana."

"Na wewe ukikufa, Papa Katembo, tutaweka picha ya nani? Ya mbuzi?"

"Mwenye diplome amesema," Katembo alijibu, akarudi kwenye karatasi zake. Kitenge kilishuka kidogo usoni mwa mama.

Blandine alivuta kiti karibu naye. "Mama, ulikuwa unamuita namna gani?"

"Kumuita?"

"Kama mutoto iko mbali. Kama chakula kimeiva."

Mama Nyirabagenzi aliinuka, akaenda mlangoni, akaelekeza uso vilimani. Akaita kama wanavyoita watu wa huko, kwa sauti ya kuvuka bonde: mwanzo wa jina upesi, katikati likipanda, na ile A ya mwisho ikinyooshwa mpaka pumzi ikaisha. Wauza ndizi barabarani waligeuka. Simu ya Blandine ilikuwa inarekodi.

"Na yeye?"

"Anaitika, *Karame!*" Ndivyo mtoto anavyomwitikia mzazi, akimtakia maisha marefu. "Lakini hapana mbio. Alikuwaka ng'ambo ya bonde, na mbuzi. Unangojea kidogo."

Blandine alifuta midundo yote, ya majina yote kumi na mawili. Akaitandaza sauti ya mama chini ya herufi za Igiraneza, na kila herufi akaipa wakati wake katika sauti hiyo. Hazikuanguka tena. Zilitokea palepale zilipo, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi. Ila A ya mwisho ilimtesa. Kila alipoinyoosha ilinenepa, ikawa kama lori. Ijumaa, betri ya sola ikikaribia kuisha, aliikata vipande viwili, akauvuta mguu wa kulia peke yake mpaka ukingoni mwa skrini. Kisha akaiondoa sauti iliyorekodiwa, kwa kuwa mama alikuwa amemwambia, "Ile iko yangu." Baada ya jina akaacha sekunde nne za giza.

"Watasema mashine imezimika," Katembo alionya.

"Waseme."

Jumamosi, shuka la kuonyeshea majina lilitundikwa ubavuni mwa altare na madirisha yakazibwa kwa mabashi. Majina yalipita na picha zake, na kila picha iliamsha kilio katika benchi fulani. Igiraneza alikuwa wa mwisho. Herufi zilikuja moja moja, bila sauti. Blandine hakutazama shuka. Alimtazama Mama Nyirabagenzi, aliyekuwa ameshika pumzi tangu herufi ya kwanza, akiiachia taratibu kadiri A ilivyorefuka.

Giza likaingia. Mtu akakohoa. Katembo akainama haraka kuangalia waya, na Blandine akamshika mkono.

Ndipo toka benchi la tatu, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mtu mzima, mama aliitika:

"Karame."