Mboga Alizozichagua Scola

Tangu Edson apimwe na kukutwa na kisukari, mwezi wa tatu, mkewe Scola aliacha kununua mboga kama watu wengine. Alisimama mbele ya genge la Leonia pale Katubuka akaliangalia kila fungu kana kwamba ndani yake kumefichwa kitu. Mchicha alichukua. Bamia, nyanya chungu na kabichi alichukua. Boga alilikataa, karoti akazikataa, na viazi vitamu hakutaka hata viguse kikapu chake. Leonia, aliyemuuzia mboga zaidi ya miaka kumi, alimwambia kipande cha boga hakijawahi kumuua mtu. Scola alilipa, akaondoka.

Alikuwa na sababu. Kaka yake Bonaventura alipata ugonjwa huohuo akaupuuza. Alikatwa mguu, na mwaka uliofuata wakamzika Ujiji. Scola ndiye aliyekuwa akimwosha kidonda cha mguu asubuhi na jioni, na alichokiona hakutaka kukiona tena kwa mtu wake yeyote.

Kliniki walifundishwa na muuguzi aitwaye Sista Eufrasia, aliyewachorea sahani ubaoni. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki au maharage, na robo iliyobaki iwe ugali, muhogo au viazi. Scola aliishika ile nusu. Ile robo ya mwisho aliiona kama mtego. Alijiambia kwamba kama kidogo kinaruhusiwa, basi kuacha kabisa ni bora zaidi. Hakumuuliza Sista. Bugali, ule ugali wa muhogo, ukaanza kupungua mezani, na kufika mwezi wa nane ukawa haupikwi tena.

Edson alikuwa fundi seremala, mtu mpole asiyependa maneno. Alikula alichowekewa. Kidonge chake alikimeza kila asubuhi, Scola akiwa amesimama pembeni na kikombe cha maji. Alikonda, na majirani walipolisema hilo, Scola alifurahi. Aliona ni sukari inayomtoka.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja walikwenda kulima shamba lao la Kidahwe. Kabla ya kuondoka Edson alimeza kidonge, akala mchicha na kipande cha samaki aina ya mgebuka. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na udongo bado mgumu kwa sababu mvua zilikuwa zimenyesha mara moja tu.

Ilipata saa nne Scola alipogundua kwamba mumewe alikuwa analima palepale alipokwisha kulima. Jembe lilipanda na kushuka mahali pamoja. Alimwita, hakuitika. Alipomsogelea aliona shati limelowa chapachapa na mikono inatetemeka. Edson alimtazama kama mtu asiyemfahamu, kisha akamwambia kwa ukali atoke nyumbani kwake. Walikuwa katikati ya shamba. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa Scola hakuwahi kusikia sauti ile.

Kisha Edson akaanguka juu ya matuta.

Jambo la kwanza lililomjia Scola ni kwamba sukari imepanda. Asubuhi, waliposhuka kwenye gari, alimwona akizungumza na wauza ndizi mbivu. Atakuwa amekula kwa siri. Hasira ilimpanda, na hofu ikaifuata hapohapo. Alitoa vidonge kwenye mkoba, akachukua kimoja, akajaribu kumlisha. Edson alikaza meno. Scola alijaribu tena kwa nguvu, mpaka kidonge kikadondoka kwenye udongo, akatoa kingine.

Agnesi, mwenye shamba la jirani, alisikia kelele akaja mbio. Scola alimwomba amshike Edson kichwa wakati yeye akienda kupiga simu, kwa kuwa pale chini hapakuwa na mtandao. Ikabidi amwache mumewe alivyo, apande hadi karibu na barabara, kidonge kikiwa bado mkononi. Mara ya kwanza simu iliita bila kupokelewa. Mara ya pili Sista Eufrasia akapokea.

"Sista, ni mama Dainess. Sukari imempanda baba Dainess, tuko shambani, hajitambui. Kidonge hataki kumeza. Nifanyeje ameze?"

Sista aliuliza mgonjwa alikula nini asubuhi.

"Mchicha na samaki."

"Na nini kingine? Ugali? Muhogo?"

Scola alisema vitu hivyo hajamlisha tangu mwezi wa nane.

"Mama, nisikilize. Sukari haijapanda, imeshuka. Usimpe hicho kidonge. Mpe kitu kitamu sasa hivi, sukari, soda, asali, chochote."

Scola alibaki amesimama. Kwa miezi minane alikuwa ameilinda nyumba yake na kila kitu kitamu. Leo mtu ambaye hajamwona mgonjwa wala kumpima anamwambia ampe asali. Aliuliza kama ana hakika.

"Nikiwa nimekosea, asali kidogo ya leo haitamuua," Sista alisema. "Nikiwa sijakosea na usipompa, tutampoteza. Kimbia, mama."

Scola alikimbia. Alikuwa anapiga kelele kabla hajafika, akimuuliza Agnesi kama ana sukari nyumbani. Sukari hakuwa nayo, ila alikuwa na asali aliyokuwa akiiuza kando ya barabara. Agnesi akaenda kuichukua. Scola alimlaza Edson kwa ubavu, kama Sista alivyomwelekeza kwenye simu, na asali ilipofika akaichovya kwa kidole na kumpaka ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo ili isimpalie. Alipaka, akasubiri, akapaka tena. Macho ya Edson yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Scola alianza kuomba, akasahau maneno katikati.

Zilipita dakika kumi au kumi na tano. Hatimaye Edson alimeza. Akameza tena. Akakunja uso, akautazama mkono wa mkewe.

"Mbona mikono yako inanata?" aliuliza.

Agnesi alileta muhogo wa kuchemsha, na Edson akaula wote bila kumwangalia mtu, haraka, kama mtoto aliyetoka shule. Scola alimtazama anavyokula na hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amemshindisha njaa.

Sista alikuwa amesisitiza wampeleke hospitali hata akizinduka, kwa kuwa nguvu ya kidonge hukaa mwilini muda mrefu na sukari ingeweza kushuka tena. Walipata gari, wakafika mjini kabla ya saa saba. Alilazwa hadi Jumatatu. Daktari alipunguza dozi na akasema bila kuzunguka kwamba mboga peke yake si chakula cha mtu anayemeza vidonge vile na kushika jembe.

Jumapili mchana, akiwa ameketi kando ya kitanda, Scola alimuuliza mumewe kama alikuwa akisikia njaa. Edson alisema ndiyo, tangu mwezi wa tisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila nilipotaka kusema, nilikukuta unaiangalia miguu yangu."

Scola aliinamisha kichwa. Alimwomba msamaha kwa sauti ndogo, na Edson akamwambia yeye pia alikosea kunyamaza.

Walirudi Katubuka siku iliyofuata. Jioni Scola alipika kisamvu na bugali usiozidi ukubwa wa ngumi. Edson alikula taratibu mpaka akamaliza, kisha akasema hajashiba. Scola alisimama na mwiko mkononi, akaikumbuka ile sahani ya Sista ubaoni. Akamwongezea kisamvu.