Lalamiko la Msitu

Kanuni ya ukaguzi ilikuwa fupi: simama kwenye mali inayolindwa, tazama hatari inakotoka, jaza fomu. Mkaguzi wa hatari za moto wa msituni, ambaye watu walimwita Futikamba kwa jinsi alivyopima kila kitu, hakuwahi kuikiuka. Siku alipofika kwa Shangazi, nyumba ya mwisho kabla ya msitu, jua lilikuwa la utosini. Akaenda kusimama kivulini, chini ya miti, akaitazama nyumba, akajaza fomu.

Kwa hiyo mali ikawa msitu, na hatari ikawa nyumba.

Alama za hatari zilikuwa mbaya. Paa la mbao, jiko la mkaa barazani, kuni zilizoegemezwa ukutani: themanini na moja kwa mia. Wiki iliyofuata barua ikaja. Msitu, ukiwa mlalamikaji, ulitaka hatari iondolewe ndani ya siku kumi na nne. Yaani nyumba ibomolewe. Shangazi aliisoma mara mbili, akavaa viatu vyake vya harusini, akanichukua mimi, binti wa kaka yake, tukaenda ofisini.

Karani alitusikiliza kwa adabu. Alikiri kwamba fomu ilijazwa kinyume, lakini iliyokwisha kugongwa muhuri haipinduliwi. Njia ilikuwa moja: mlalamikaji aulizwe tena na mkaguzi. Akinyamaza mara tatu, lalamiko linafutwa. Nilimuuliza kama anaelewa kwamba mlalamikaji ni miti. Alijibu kwamba sheria haibagui.

Siku ya kumi na tatu Futikamba alirudi. Alijitambulisha kwa msitu, akausomea barua yote, kisha akauliza kama bado unataka nyumba iondolewe. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Hapo nikaanza kuogopa, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipouliza mara ya tatu, upepo ulivuma na miti yote ikainamisha vichwa.

Futikamba aliinua kalamu. Shangazi akamshika mkono.

"Huo ni upepo, mwanangu."

"Naona, mama. Lakini umeitikia."

"Wewe ukisukumwa ukainama, umeitikia?"

Hilo lilimwingia. Alikubali tungoje upepo utulie, na maswali yaanze upya. Tukaketi. Shangazi, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiutukana msitu ule kwa nyoka wake na mbu wake, sasa aliusifu kwa sauti: kivuli chake, ndege wake, malezi yake. Nilimnong'oneza kwamba anamhonga mlalamikaji. Akanifinya.

Alasiri upepo ulikufa. Futikamba aliuliza harakaharaka, mara tatu, kama mtu anayevuka barabara. Hakuna jani lililotikisika. Shangazi alijifuta macho kwa pembe ya kanga. Penye sababu ya kufuta lalamiko, Futikamba aliandika: ujirani.

Kila upande ulistahili nakala. Alimpa Shangazi yake, kisha akaiweka ya msitu chini ya mti, akaibana kwa jiwe.

"Mwanangu," Shangazi alisema polepole, "karatasi kavu, kwenye nyasi kavu?"

Futikamba aliitazama karatasi. Akazitazama nyasi. Akapima kwa macho umbali hadi nyumbani. Kisha akaiokota, akamkabidhi Shangazi amtunzie jirani yake.