Fahali Aliyejaza Diski

Nilifukuzwa kazi kwa ajili ya fahali aliyekwisha kufa. Mngenirudisha leo mbele ya kompyuta ile ile, na bosi yule yule amesimama nyuma ananipumulia shingoni, ningebofya pale pale.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya mifugo ya Letlhajwe, wakati Botswana ilipokuwa inaacha vidonge na kuingia kwenye hereni. Kabla ya hapo ng'ombe alimezeshwa kidonge kizito chenye namba ndani yake, kikakaa tumboni mpaka siku ya kuchinjwa. Sasa namba ikahamia sikioni. Seva yetu ilitunza zote, za tumboni na za masikioni, na ilikuwa na diski moja tu. Ya pili iliungua kwa radi. Niliandika barua ya kuomba nyingine, nikaandika tena, nikachoka. Basi kila kitu kikarundikwa kwenye diski ile ile inayoendesha mashine. Hebu fikiria jiko lililojazwa magunia mpaka mpishi hana pa kusimama.

Alhamisi moja asubuhi mpishi akakosa pa kusimama. Programu ya kumbukumbu ikagoma kufunguka, printa nayo ikagoma, na kwenye kioo ukatokea ule mstari mwekundu wa kusema nafasi imekwisha.

Siku ingekuwa nyingine ningenywa chai kwanza. Lakini kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi MmaOnalethata, mjane, shali begani, mikono juu ya mapaja. Marehemu mumewe alimkabidhi Rre Seoketsa ng'ombe kumi na mmoja kwa mtindo wetu wa mafisa: wachunge, kunywa maziwa yao, mali ibaki ya mwenyewe. Mume kafa, na Seoketsa akawavika ng'ombe wote hereni zenye jina lake. Saa nane mchana shauri lingesikilizwa kwenye kgotla, baraza la kijiji, mbele ya chifu. Shahidi wa mama yule alikuwa mmoja tu: namba za vidonge zilizoandikwa kwa jina la mumewe miaka ile, ndani ya seva yangu.

"Mwanangu, hiyo karatasi vipi?" aliniuliza.

"Mashine imeshiba, Mma. Nipe saa moja."

"Imeshiba nini, na mimi tangu jana sijala?"

Nikafanya usafi wa kawaida. Nilifuta mafaili ya muda na mabaki ya programu za zamani, nikapata nafasi kiduchu, ikajaa kabla sijainuka kitini. Ndipo nikaanza kutafuta nani hasa amekula diski. Nikamkuta. Folda moja, zaidi ya theluthi ya diski nzima, jina lake Phatshwa.

Phatshwa alijulikana na ofisi nzima. Alikuwa fahali wa bosi wetu, Rre Motlhabane, mweusi mwenye mabaka meupe, mshindi wa maonyesho ya wilaya miaka miwili mfululizo. Ukame wa mwaka uliotangulia ulimwondoa. Kumbe alikuwa amehamia kwangu, video juu ya video. Chumba cha seva ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na bosi kila akishakula chakula cha mchana alijifungia humo, akisema anakagua mitambo. Basi huo ndio uliokuwa ukaguzi.

Nilimwita, akaja na kikombe chake cha chai.

"Diski imejaa, Rra."

"Futa ya zamani. Hivyo vidonge. Nani anahangaika na vidonge siku hizi? Serikali yenyewe imehamia masikioni."

"Ng'ombe waliovimeza hawajahama, Rra. Bado wanavyo tumboni."

"Keneilwe, usinifundishe ng'ombe. Wewe umezaliwa Gaborone, ng'ombe umekutana naye kwenye sahani."

"Kweli kabisa. Lakini diski naijua. Ng'ombe wa wilaya hii yote, elfu thelathini, na majina ya wenyewe, ni maneno na namba tu. Hawafikii video moja ya Phatshwa akinywa maji. Futa vidonge vyote, hupati nafasi hata ya mkia."

Uso ukambadilika. "Umefungua vitu vyangu?"

"Nimefungua diski ya ofisi."

Akasema kwa sauti ya chini, "Yule hayupo tena. Hizo ndizo zimebaki."

Nilimhurumia, sifichi. Kwetu mwanamume akimlilia fahali hachekwi, na mimi sikucheka. Ila huruma yangu haikufika hadi kwenye ng'ombe wa mjane.

"Basi lete ile diski ya kubebeka ya ofisi, tumhamishe mzima mzima."

Akatazama dirishani. Wote wawili tulijua diski ile ilikwenda kwenye harusi ya binti yake, na tangu hapo iko kwa mpiga picha Francistown.

"Chagua chache, Rra, nikuwekee kwenye simu."

"Sichagui. Futa vidonge. Hiyo ni amri. Na ukumbuke mkataba wako unaisha Jumatatu, na kalamu ya kuusaini ninayo mimi."

Hapo ndipo alipoharibu. Angeniomba, labda ningetafuta njia nyingine, ningepiga simu huku na huku, ningekwenda mwenyewe kwa chifu kuomba shauri liahirishwe. Lakini mtu akinitishia kwa mkate wangu damu inanipanda kichwani, nimezaliwa hivyo na sijatafuta dawa. Nikaivuta folda ya Phatshwa nikaifuta.

Mstari ukabaki mwekundu.

Bosi akacheka mpaka chai ikamwagika. "Unaona? Hata mashine inamjua mwenyewe!"

"Bado yuko kwenye pipa la taka, Rra. Takataka ikiwa pipani bado imo nyumbani. Mpaka pipa limwagwe, na likimwagwa hakuna kurudi." Nikamgeukia, nikamtazama machoni. "Chagua video moja niiokoe. Namwaga sasa hivi."

Aliweka kikombe juu ya seva, mahali nilipomkataza mara mia. "Huthubutu," akasema.

Nikathubutu.

Mstari ukawa wa buluu. Programu ikafunguka, na nilipoandika jina la marehemu wakatokea ng'ombe wake kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake na tarehe aliyomeza kidonge. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Wakati huo bosi alikuwa keshafika ofisini kwake, amefungia muhuri wa ofisi kwenye droo, ufunguo mfukoni.

"Nenda nayo hivyo hivyo," alinipigia kelele. "Bila muhuri hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi ya magwinya!"

"Basi muhuri nitakuwa mimi," nikamjibu, nikachukua fimbo yetu ya umeme, ile inayosoma namba ya kidonge kikiwa bado tumboni, nikatoka.

MmaOnalethata aliipokea karatasi kwa mikono miwili, halafu akaiangalia suruali yangu. "Kgotla mwanamke haingii na suruali, mwanangu. Watakutoa kabla hujasalimia." Akavua shali yake, akanifunga kiunoni kwa nguvu nikashindwa kupumua vizuri.

Seoketsa alikuwa amekaa mbele, kofia gotini, mtu mrefu mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Karatasi haina muhuri, Kgosi," alimwambia chifu. "Na hereni zina jina langu. Huyu msichana wa kompyuta anajua nini?"

Wanaume wakacheka.

"Hereni hata mimi ninazo, Rra," nikasema. "Nilinunua sokoni nikajivika mwenyewe."

Kicheko kikahamia upande wangu. Chifu akaagiza twende zizini, nyuma ya kgotla, ambako ng'ombe watatu wakongwe kati ya wale kumi na mmoja waliletwa tangu asubuhi kama ushahidi. Nikamwomba karani wa chifu ndiye asome karatasi, nisije nikaambiwa nimepika. Nikaweka fimbo ubavuni mwa ng'ombe wa kwanza. Ikalia. Nikataja namba, karani akaifuata kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho. "Ndiyo," akasema. Wa pili, ndiyo. Kwa wa tatu karani alitikisa kichwa tu kukubali.

Seoketsa akaanza kueleza kwamba marehemu alimpa kwa mdomo, wakiwa wawili tu, hakuna aliyesikia. Chifu akakohoa. Akasema jambo hili linataka utaratibu, karatasi irudi ofisini ipigwe muhuri, tukutane tena mwezi ujao, na kwa sasa ng'ombe wabaki kwa Seoketsa.

MmaOnalethata aliliendea lango la zizi, akatoa mti wa kwanza, akatoa wa pili. Nikamsaidia wa tatu. Akaita jina moja, na ng'ombe mwekundu aliyekuwa nyuma ya wenzake akanyanyua kichwa, akatoka, wengine wakamfuata.

"Mma," chifu akasema, "bado sijamaliza."

"Mimi nimemaliza, Kgosi," akasema, na akaendelea kuwaswaga.