Mota ya Mama Virginie

Mota ya kwanza Grégoire aliichagua kwa uzito, kama wanavyofanya watu wote kwenye soko la Kadutu: ukikiinua kitu kikakuvuta bega, basi ni kizima, kimejaa shaba. Upuuzi mtupu. Ilikuwa mota ya pampu ya maji, na cherehani ya mama-mkwe wake haikuwa na maji ya kupandisha kilimani. Kila alipoipunguzia umeme iende polepole, ilinguruma pale pale bila kuzunguka, ikapata moto. Siku ya tatu ikatoa moshi, nyumba nzima ikanuka.

Na muda ulikuwa unakwisha. Mama Virginie, mama wa mke wake Delphine, alikuwa amevimba goti, hawezi tena kukanyaga cherehani. Kaka yake wa Bunyakiri alikuwa ameshatuma neno: kama mguu umekataa, atakuja Jumapili kumchukua, akae kijijini alishwe. Alishwe, mwanamke aliyevalisha nusu ya akina mama wa parokia! Delphine alilia siku mbili. Grégoire akaapa kwamba mashine itashona.

Mota ya pili aliitoa kwenye mashine mbovu ya kusaga kahawa. Hii ilikuwa nyepesi, na ilikubali kuongozwa. Alichukua waya wa resho, jiko la umeme lililokufa, akauzungusha kwenye tofali, akaupitishia umeme: waya ukiwa mrefu, mota inatulia, ukiwa mfupi, inakimbia. Kanyagio akaligeuza swichi, liguswe tu na kidole cha mguu. Aliijaribu kwake jioni, akitoka kazini, ikaenda vizuri kabisa. Akaenda kuifunga wakati mama yuko misani, akaondoka kabla hajarudi. Mukwe mwenye adabu zake hapigi magoti chini ya meza ya mama-mkwe, penye miguu yake, wala hamwulizi maswali usoni. Maneno yalipita kwa Delphine.

"Maman anasema aksanti sana," Delphine alisema Jumanne. "Ila kama inawezekana, upunguze kidogo."

Alikuwa ameileta mota na tofali lake kwenye kikapu. Grégoire akaongeza waya, akajaribu jioni ile ile, ikawa inakwenda taratibu. Jumatano kikapu kikarudi.

"Anasema iko muzuri sana. Ila kidogo tena."

"Kidogo gani?"

"Sijui. Amesema kidogo."

Akaongeza. Alhamisi jioni mota ilikuwa inatambaa, ukiitazama unasinzia. Ijumaa Delphine akarudi mikono mitupu: maman anashukuru, iko muzuri, asijisumbue tena. Hapo Grégoire alichemka. Aliijua heshima ya namna hiyo. Mtu anakushukuru huku anafunga mizigo.

Jumamosi, walipotoka salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mikono bado ina udongo wa mfereji, hakupitia nyumbani. Alimvuta Delphine, wakaingia kwa mama yake saa sita mchana bila kutuma neno.

Mama Virginie alikuwa anashona. Plagi imelala chini. Kwa mkono mmoja alizungusha gurudumu la mashine, kwa mwingine aliongoza kitambaa, na kidole cha mkono huo kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Juu yake taa iliwaka nyeupe, kali, mpaka inaumiza macho.

Grégoire aliitazama ile taa. Kwake jioni taa ni nyekundu kama kaa la moto, maana saa hiyo Kadutu nzima imebandika maharagwe kwenye resho na umeme umebaki shibiri. Wiki nzima alikuwa anajaribu mota yenye njaa, halafu anampelekea mama mota iliyoshiba umeme wa mchana. Alitamani kujizaba kofi. Neno moja tu lingetosha, wakaogopana.

Akachomeka plagi, akapiga magoti chini ya meza. Mama Virginie akavuta kitenge haraka, akafunika goti, akageuzia uso ukutani.

"Maman, unisamehe. Ukanyage."

Mashine ikafyatuka. Akaongeza waya. "Bado," mama aliuambia ukuta. Akaongeza tena. "Bado." Akaongeza mpaka nusu ya tofali, na sindano ikaanza kupanda na kushuka kwa adabu.

"Hapo."

"Lakini hivi jioni haitazunguka," Grégoire alisema, jasho linamtoka. "Courant inakuwa kidogo. Nitatafuta waya mwingine wa jioni."

"Jioni?" Mama Virginie aligeuka akamtazama. "Jioni mimi niko napika. Nani alikuambia nashona saa ya kupika?"

Mama akashona pindo la sketi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, akakata uzi kwa meno.

"Delphine, umwambie mukwe wangu..." alianza, kisha akaacha. Akainama mpaka akamwona pale chini, na tofali lake la moto.

"Nitabaki," alimwambia.

Delphine akatoka nje kwenda kumtafuta mtu wa kupeleka neno Bunyakiri.