Joto Ndani ya Gunia

Luhende nilimshuku kabla mpunga haujaiva. Nasema wazi, maana watu wa hapa hupenda kuanza kusimulia pale walipokuwa wazuri.

Shamba lake na langu, kule bondeni chini ya Kibaoni, yanatenganishwa na tuta moja la jaruba la mpunga. Asubuhi moja mwezi wa tano nilikuta nyayo juu ya tuta hilo, upande wangu. Mguu mpana, kidole gumba kimepinda nje. Kidole kile ni cha Luhende, kila mtu anakijua. Nilizifuata nyayo mpaka zikaishia kwenye majani marefu ya mtoni, nikarudi nyumbani. Sikumuuliza. Mtu anayeiba utamuuliza nini?

Kwetu mpunga ukikatwa unawekwa vichungu, marundo madogo, shambani, unalala siku nne au tano juani, mwenyewe yuko kibandani analinda. Ndipo unapigwa. Mimi mwaka huu sikusubiri. Nilikata asubuhi, nikapiga mchana juu ya turubai, jioni pawatila, trekta dogo la mkono, ikabeba. Waliokuwa wanapita waliniuliza, "Baba Lucia, unakimbizwa na nani?" Nikawajibu waendelee na safari yao.

Nyumbani nilipanga magunia kumi na mawili kwenye chumba cha ndani. Dirisha nililipigia mbao. Kila gunia nililipima kwenye mizani, kilo tisini, kisha nikalishona mwenyewe kwa uzi mwekundu nilioufumua kwenye sweta kuukuu, ili mtu akishona upya nijue. Ufunguo niliuvaa shingoni kama rozari. Mke wangu, Getrude, alisema chumba kinanuka mbichi, kipate hewa. Nikamwambia hewa inapita na macho ya watu.

Wiki saba baadaye niliingia, nikaegemea gunia la chini. Lilikuwa la moto. Si vuguvugu la mchana, hapana. Joto kama la ubavu wa ng'ombe, na chumba hakijaona jua tangu mwezi wa sita. Nikatoa gunia moja nikalipima. Kilo themanini na nne. La pili themanini na nne na nusu. Uzi mwekundu ulikuwa vilevile, fundo kwa fundo, na hapakuwa na tundu la panya.

Nilikaa chini juu ya sakafu. Mwizi mwenye mikono hawezi kupita hapo.

"Chuma ulete," nikamwambia Getrude. Ndivyo tunavyouita ule uchawi wa kuvuta mali ya mwenzio bila kuigusa: kwako inapungua, kwake inajaa.

"Wewe na mambo yako," akasema. "Nani?"

"Magunia ya Luhende umeyaona? Shamba sawa na langu, yeye kumi na manane."

"Luhende alipalilia mara tatu. Wewe mara moja."

Mwanamke akishaanza kuhesabu palizi, mazungumzo yamekwisha.

Siku zile Telesphor, mtu mzima anayekaa karibu na kisima, alikuwa anakusanya majina kwa ajili ya lambalamba. Hao ni watu wanaozunguka wakidai wanatoa uchawi majumbani. Wakiletwa kwa mtu wanachimbua sakafu yake, wanamnyoa nywele hadharani, wanamchapa, na akipona anahama na watoto wake. Polisi wamewakataza, padri amewakemea madhabahuni, lakini wakiitwa wanakuja. Jumanne nilikwenda kwa Telesphor nikampa jina la Luhende. Akaliandika kwenye karatasi ya daftari. Alisema Jumapili baada ya misa wazee watakaa kwake, nisimame niseme niliyoyaona, na Jumatatu kazi itafanyika.

Nilirudi nyumbani nikala vizuri. Hilo nalo nalisema.

Alhamisi akaja Mwanahija. Ni mfanyabiashara wa nafaka kutoka Mpanda mjini, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila mwaka ananunua mpunga wangu. Alishuka kwenye Fuso akiwa na bambo mkononi, ule mrija wa chuma wa kuchomea gunia ili uone kilicho katikati. Akachoma gunia la chini. Punje zilitoka na rangi ya chai. Alizinusa, akazibana kiganjani.

"Baba Lucia, mpunga wako una homa."

"Una homa kwa sababu unaliwa."

"Ni kweli unaliwa. Na anayeula namjua."

Nikamsogelea. "Mtaje."

"Wenyewe. Unajila."

Nilijua anachotaka. Wafanyabiashara wote wako hivyo: wanakutisha kwanza, halafu wanashusha bei. Nikamwambia, "Mama, sema bei yako ya uonevu tumalize."

"Bei? Wallahi huu siuchukui hata ukinipa bure. Utaniozea njiani."

Hapo nikakosa la kumshuku. Mtu asiyetaka hata cha bure anakudanganya ili apate nini? Nilitafuta, sikuona.

Akakaa juu ya gunia, akaomba maji. "Nikuulize. Jani la mpunga lina kazi gani?"

"Kuliwa na viboko."

"Mjinga wewe. Linapika. Moto wake ni jua. Maji yanapandishwa na mizizi, na hewa jani linaivuta lenyewe kwa vitundu ambavyo huvioni. Mchana kutwa linapika sukari. Sukari inashuka kwenye punje, inageuka wanga. Unadhani ule wanga ni wako? Mpunga umemfungia mwanawe chakula cha safari, ili akipandwa apate cha kulia mpaka atoe jani lake."

"Usanisinuru," akasema Getrude akiwa mlangoni. Tukamgeukia. "Tulifundishwa darasa la sita. Wewe ulikuwa umeshakwenda kuchunga."

"Sasa sikia," Mwanahija akaendelea. "Punje ni kitu hai kilicholala. Ukiikausha inalala usingizi mzito, inapumua kidogo mno. Ukiiweka mbichi iko macho. Inavuta hewa, inachoma ule wanga wake, inatoa joto na mvuke na hewa ileile unayoitoa puani. Na jani haina tena, jua haina, haiwezi kupika kingine. Inakula akiba tu, gizani. Ukungu nao ukasikia kuna karamu, ukaja."

"Kilo sita zimeliwa na punje?"

"Nyingi hapo ni maji yaliyokauka. Lakini si maji tu. Joto hilo unadhani linatoka wapi? Ni wanga unaungua."

"Umesomea wapi haya?"

"Sijasoma. Mwaka juzi nililaza mahindi mabichi ghalani kwangu, yakapungua. Nikamfukuza mlinzi mbele ya soko zima. Mlinzi mwenyewe ni Anuari, mtoto wa dada yangu. Bwana shamba ndiye aliyekuja kunieleza, nimeshachelewa. Mpaka leo dada hanisalimii."

Maneno yake yalinichoma, lakini sikuamini. Maneno ni maneno. Nikamwambia hivyo.

"Usiamini," akasema. "Chukua makopo yenye vifuniko. Mengine weka huu wako wa moto, nusu kopo. Mengine weka mpunga mkavu. Funga kabisa siku mbili. Halafu fungua, tumbukiza kijiti cha kiberiti kinachowaka. Moto nao unakula hewa ileile inayovutwa na punje. Palipopumuliwa sana, utakufa."

Makopo tulikuwa nayo. Getrude huuza asali ambayo kaka yake huileta kutoka Inyonga, na makopo ya plastiki inayoonyesha ndani yamejaa uvunguni. Shida ilikuwa mpunga mkavu. Nilizunguka kichwani nyumba za karibu zote, na mpunga niliojua umekauka sawasawa ulikuwa kwa mtu mmoja.

"Mimi siendi," nikasema.

Getrude akaenda. Akarudi na bakuli la bati la Nyanzala, mke wa Luhende, limejaa mpaka punje zinamwagika. "Hakuuliza hata wa nini," akasema, akaliweka miguuni pangu kwa nguvu.

Nikafunga makopo manne, mawili ya mpunga wangu, mawili ya Luhende. Niliyafungia mimi mwenyewe kwenye sanduku na ufunguo nikalala nao. Hata Getrude sikumwamini.

Jumamosi mchana nikafungua moja la kwangu. Kwenye kuta zake za ndani kulikuwa na matone, kama dirisha la basi siku ya mvua. Nikawasha kijiti, nikakishusha. Kilizimika kabla hakijagusa mpunga, kama kilichopulizwa na mtu. Nikawasha kingine haraka. Kikazima. Nikafungua la Luhende. Kijiti kikawaka, kikawaka, mpaka kikanifikia vidole nikakitupa.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika kopo. Nilitafuta mtu wa kumshuku. Mwanahija hakuwepo. Makopo niliyafunga mimi. Mpunga niliuvuna mimi, mbichi, siku moja, kwa sababu ya nyayo.

Na jina lilikuwa kwa Telesphor.

Jioni nilimfuata nikamwambia afute. Akanitazama kama ananipima. "Luhende amekupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Basi amekutisha. Jina likishaandikwa si lako tena, Gelasius. Kaseme kesho mbele ya wazee."

Jumapili walikuwa kama ishirini uani kwake, wengi tumetoka nao kanisani muda uleule. Niliweka makopo mawili yaliyobaki juu ya kiti. Nikasema mpunga wangu haukuchukuliwa na mtu, niliulaza mbichi, ukapumua, ukajila. Wakacheka. Nikafungua kopo langu, nikashusha kijiti. Kikazima.

Hawakucheka tena. Mzee mmoja nyuma, anaitwa Masunga, akasimama. "Moto umezimwa na nini? Hakupuliza. Mmeona amepuliza?"

"Hakupuliza."

"Basi huyu naye ameshafundishwa. Andika na lake!"

Telesphor alishika kalamu. Sitanii. Aliiweka juu ya karatasi, chini ya jina la Luhende, na watu niliokula nao komunyo wakaanza kusema andika, andika. Nikaelewa jinsi jina linavyoingia kwenye karatasi ile. Halihitaji kitu. Linahitaji mtu mmoja aliyeona nyayo.

"Nipisheni."

Alikuwa Luhende. Sijui nani alimwambia, wala alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Alipita katikati yao na miguu yake mipana, hakunitazama, akachukua kopo la pili akaligeuzageuza.

"Huu ni mpunga wangu," akasema. "Naujua. Kama mimi mchawi na yeye mchawi, moto utazima na huku. Masunga, njoo uwashe wewe. Mimi sigusi."

Masunga hakutaka, lakini alishasema sana. Akaja, akafungua, akashusha kijiti. Kikawaka. Watu walisogea. Kikawaka mpaka akapiga kelele akakitupa, na mtoto mmoja ukutani akamcheka.

"Mmoja mkavu, mwingine mbichi," Luhende akasema. "Shikeni na mikono yenu."

Wakashika. Walipitishiana punje, wakazinusa, wakazing'ata. Mzee mmoja akakumbuka mahindi yake yaliyopata joto mwaka fulani, na mke aliyempiga kwa ajili hiyo. Telesphor aliikunja karatasi akasema lambalamba wasubiri kwanza. Hakuichana. Nikamnyang'anya, nikaichana mimi, na hakuna aliyenizuia.

Hapo ndipo Luhende aliponigeukia. "Baba Lucia, wewe si mgeni wa mpunga. Kwa nini ulivuna mbichi?"

Ningeweza kusema mvua, ndege kwelea, au ugonjwa wa mtoto. Watu wote walikuwa wanasikiliza.

"Nilikuogopa wewe. Niliona nyayo zako kwenye tuta langu."

Akatikisa kichwa polepole. "Kiboko alikuwa anatoka mtoni. Nilimtisha kwa kupiga debe tupu kwenye yale majani, akarudi. Hakufika kwako." Akaangalia chini, kwenye kidole chake. "Ungeniuliza."

Akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Mpunga nimeumwaga wote juani, uani, juu ya turubai. Umeacha kuwa na joto. Kuku wanaula, ndege wanaula, mtu akipita anauona, na mimi nimekaa tu. Hauwezi kuota tena, nimejaribu punje hamsini kwenye kitambaa kibichi, zimeota tatu. Kuuza hauuziki.

Luhende tukikutana ananisalimia. Ananisalimia vizuri, kama anavyomsalimia dereva wa Fuso. Zamani alikuwa anapita hapa kuazima jembe hata kama analo.

Bakuli la Nyanzala bado liko kwetu, juu ya kabati. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, na ndani ya nyumba yangu hakuna punje inayofaa kutiwa humo. Getrude alitaka kuweka asali. Nikamkatalia. Tulipewa mpunga. Mwezi wa sita mwakani nitakata, nitaweka vichungu, nitaviacha bondeni siku tano palepale kando ya tuta lake. Kibanda sitajenga. Ukikauka nitalijaza bakuli, na nitalipeleka mwenyewe.