Njia Isiyopita Belmullet

Ramani ya Ireland ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya jikoni tangu walipomaliza chakula cha Jumapili, na tayari ilikuwa na doa la mchuzi pale ilipo Dublin. Hakuna aliyejali. Dublin walishakubaliana kuiruka, kwa sababu Cathal aliwahi kupotezana na gari lake huko katika jengo la maegesho, akalitafuta mchana kutwa, na tangu hapo hataki hata kuisikia.

Cathal alishika penseli. Yeye ndiye dereva, na alitaka kitu chepesi: wiki mbili, bahari iwe upande mmoja mwanzo hadi mwisho, kisiwa kizungukwe mpaka kimrudishe nyumbani kwake Birr. Binti yake Dervla, mwenye miaka kumi na minne, alitaka kuyaona mawe ya Antrim, yale ya pwani yaliyopangana kama nguzo, na alikwishatangaza kwamba bila mawe haendi mtu. Babu yake, mzee Malachy Padden, hakutaka chochote. Alikaa karibu na jiko na kipande cha keki ya zabibu, akisema yeye anakwenda kuwaridhisha tu.

Walidhani wanapanga likizo, maskini. Goretti, mke wa Cathal, peke yake ndiye aliyejua kinachopangwa. Katika wiki zile mbili alitaka jambo moja: baba yake huyo anayekula keki akae meza moja na kaka yake Festus, wanywe chai, kabla mmoja wao hajafukiwa. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja. Festus alimpita kwa miwili, aliishi peke yake na kondoo wake kule Belmullet walikozaliwa, na hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya Ita, mama yake Goretti, miaka tisa nyuma.

Katika nchi ile harusi unaweza kuikosa. Utapeleka zawadi, utasemwa kidogo, yatakwisha. Mazishi mtu hakosi. Unamwacha ng'ombe anazaa, unavaa koti jeusi, unapanga foleni kanisani uwashike mkono wafiwa, unakula sandwichi yako, halafu unarudi kwa ng'ombe. Festus hakuja. Hakupiga simu, hakutuma hata kadi ya misa ya kumwombea marehemu. Mzee Malachy alikaa benchi la mbele akigeuka kila mlango ulipolia, na mlango wa kanisa lile unalia sana.

"Siku ya kwanza tunalala Ennis," alisema Cathal.

"Ennis yuko shangazi Philomena," alisema Goretti. "Lazima tuingie."

"Dakika tano."

"Dakika tano! Kwa Philomena? Kukataa chai tu ni nusu saa. Unakataa, anakasirika, unakataa tena, anatoa nyama ya nguruwe."

"Haya. Kesho yake Tralee."

"Tralee wapo binamu zake mama."

Cathal aliweka penseli chini. "Mke wangu, hii ni likizo au ukaguzi wa ukoo?"

"Mtu hapiti mlangoni kwa ndugu yake kama mwizi," alisema mzee Malachy kutoka kando ya jiko. "Saa ya chai kila mtu ameshajua umepita."

Goretti alijiinamia asionekane anacheka. Neno hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu asubuhi, na mzee mwenyewe ndiye aliyelitoa.

Mara redio iliyoko dirishani ikapiga kile kinanda chake cha huzuni. "Nyamazeni!" mzee alisema. "Wafu hao." Wakanyamaza wote, hata Cathal, kijiko cha chai kikiwa hewani. Redio ya kwao husoma vifo vya siku baada ya habari, nani kafa, atalala nyumba gani, misa saa ngapi, na katika nyumba za huko huwezi kukohoa wakati huo. Siku hiyo hawakumjua hata mmoja. Mzee alionekana kasikitika kidogo, kama mtu aliyekosa mwaliko.

Penseli ikaendelea. Ilipanda na pwani, ikanywa chai nyingi njiani, ikafika Westport. Hapo mzee Malachy akainuka, akaja mezani, akaichukua mkononi mwa mkwewe bila kuomba. Akachora mstari ulionyooka kupitia bara hadi Ballina.

"Babu," alisema Dervla, "mbona hapa tunaiacha bahari? Kote tumeikumbatia."

"Barabara mbovu."

"Simu inasema wameitengeneza juzi."

"Basi ina kondoo."

"Nchi nzima ina kondoo, Babu!"

"Baba," alisema Goretti taratibu, "ukifuata bahari unapita Bangor. Ukishafika Bangor, Belmullet ni hapo tu."

"Najua ilipo. Nimezaliwa kule."

"Na ulisema mwenyewe mtu hapiti mlangoni kwa ndugu yake."

Mzee aliisukuma penseli katikati ya meza. "Kwa hiyo hatupiti. Mkipita huko, mimi nishusheni Westport nirudi na basi. Tena basi lenyewe nalijua, linanuka, lakini nitalipanda."

Goretti alihisi machozi ya hasira. Alikuwa amemvumilia miaka tisa, akifuata upande wa baba kama mtoto mwema, na sasa alichoka kabisa. Akatoka mpaka kwenye korido, akasimama katikati ya makoti yaliyolowa, akapiga simu Belmullet. Alijiambia anauliza hali ya barabara tu.

Mlango aliuacha wazi, na Festus, kama wazee wengi wasiosikia vizuri, hakuwahi kuiamini simu ifikishe sauti yenyewe. Alipiga kelele. Jikoni walimsikia neno kwa neno.

"Nani?"

"Goretti, baba mkubwa. Goretti wa Malachy."

Kisha ile sauti ikarudi, chini kidogo.

"Amekufa lini?"

"Hajafa! Yupo hapa, anakula keki."

"Ah." Festus akavuta pumzi. "Nilidhani amekufa, na safari hii mmeona angalau mnipigie."

"Safari hii? Una maana gani?"

"Si Ita mlimzika bila kuniambia? Nilipata habari mnadani Ballina, wiki sita baadaye, kwa mtu anauza kondoo! Shemeji yangu! Mwanamke aliyenifumia sweta hii niliyovaa! Nikasema basi, Malachy hanitaki kaburini kwa mkewe, nami sijilazimishi kwa mtu."

"Lakini baba mkubwa, ilitangazwa redioni. Siku mbili, asubuhi na jioni."

"Redio gani?"

"Yetu."

"Redio yenu!" Festus alinguruma mpaka vikombe jikoni vikasikia. "Mtoto wewe, redio yenu haivuki hata mto Shannon! Sisi huku tunasikiliza wafu wetu!"

Goretti akauliza, kwa sauti ndogo, barabara ya Bangor siku hizi ikoje.

"Ipo palepale ilipokuwa," alisema Festus. "Mnakuja au mnauliza tu?"

"Nitakupigia, baba mkubwa."

"Haya. Haya basi. Haya, haya, haya, kwaheri, haya." Na ilichukua muda, maana huko hakuna anayekata simu kwa haya moja.

Aliporudi jikoni Cathal alikuwa anaitazama ramani kama haijui. Dervla alikuwa amemshika babu yake mkono. Mzee Malachy alikuwa ameiweka keki yake chini.

"Mimi ndiye niliyesema," alisema. "Aliniuliza mtu wa majeneza, nawe Goretti ukaniuliza pia, nani wa kupigiwa. Nikasema, wa nini? Redio imeshasema, Ireland nzima inajua."

Akainuka, akaenda kwenye droo ya kabati, akatoa kadi za kumbukumbu za Ita zilizofungwa kwa raba, zile zenye picha yake na sala, ambazo kila aliyehudhuria alipewa yake. Alichomoa moja, akaifuta kwa mkono wa shati, akaitia katika mfuko wa koti lake la Jumapili lililoning'inia kwenye kiti.

"Hana yake," alisema.

Kisha akarudi mezani, akalowesha kidole, akausugua ule mstari wa Westport mpaka karatasi ikachanika. "Tunaanzia Belmullet. Kesho."

"Kesho!" alisema Cathal. "Baba, likizo yangu ni mwezi ujao!"

"Na mawe yangu?" alisema Dervla.

"Mawe yako hayaendi popote, mama. Festus ana themanini na mitatu." Mzee alikuwa tayari anavaa koti, ingawa ilikuwa bado Jumapili. "Akifa leo usiku, nani atatuambia? Redio?"