Mkono wa Mtoa Hoja

Wanafunzi walimwita Robo Tatu. Walimu wenzake nao wakalidaka jina hilo, kwanza kwa kunong'ona, baadaye mbele ya uso wake. Hakuchukia. Yeye ndiye aliyeandika kanuni kwamba mwanafunzi asiyehudhuria robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani, na aliiringia kama mtu anavyoiringia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, majengo matatu na bomba moja linalovuja, na watu walijuana hadi viatu. Ndiyo maana alidai pia kesi za wanafunzi zisomwe kikaoni bila majina.

"Tukijua majina tutaanza kuoneana haya," alisema.

Maneno mazuri. Mimi sina ugomvi na kanuni. Ugomvi wangu ni na mtu anayezipenda kuliko watu. Mpwa wake, binti wa dada yake, alipokuja kukaa kwake ili asome chuoni, kozi ambayo yeye hafundishi, alipokewa na onyo kabla hata hajatua begi.

"Chuoni mimi si mjomba wako, sawa? Usimwambie mtu. Sitaki kusikia eti napendelea."

"Sawa, mjomba," binti akaitikia, na akaishika ahadi hiyo kuliko wengi wetu tunavyoshika za kwetu.

Alasiri ya kikao, Baraza la Taaluma lilikaa katika chumba kilichowahi kuwa maabara. Meza zilikuwa na madoa ya kuungua, feni ilizunguka kwa kunung'unika, madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Msajili wa chuo, bwana mpole mwenye sauti ya kumlaza mtu usingizi, alisoma kesi ya mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye alama nzuri, alikuwa amekosa vipindi vya asubuhi karibu muhula mzima. Anaomba aruhusiwe kufanya mtihani. Alikuwa akimuuguza bibi yake.

"Bibi!" Robo Tatu akaegemea kiti. "Kila mitihani ikikaribia, mabibi wa wanafunzi wetu wanaugua kwa zamu. Nadhani wanapangiana ratiba."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkuu wa chuo, aliyekuwa mwenyekiti, alivua miwani akafuta machozi. Kuchekewa mzaha wako ni utamu. Ukishauonja unataka kuongezewa. Robo Tatu akaongeza.

"Na huo ukoo hauna watu wazima? Mtu mwenye akili zake anamtoa mtoto darasani akakae na mgonjwa? Basi arudie mwaka, ili huyo aliyemtuma apate adabu. Natoa hoja: asifanye mtihani."

Mwalimu wa historia akaunga mkono huku bado akicheka. Mwalimu wa kemia, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamgeukia msajili.

"Hebu tueleze vizuri. Kwa nini auguze yeye?"

"Nilimhoji mwenyewe," msajili akasema. "Bibi alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Mwenye nyumba ni mjomba wa huyu binti, na hakutaka kukosa kazini. Akamwomba akae hospitalini siku mbili tatu. Zikawa wiki, na wiki zikazaa wiki. Nikamwambia amlete huyo mjomba athibitishe. Akakataa katakata kumtaja. Anasema alimwahidi."

Robo Tatu alikuwa amefungua kinywa kwa mzaha mwingine. Mzaha haukutoka. Alijiona anaingia wodini jioni na machungwa yake, mpwa wake yuko pale pale kando ya kitanda, anamgeuza bibi, mama mzazi wa Robo Tatu mwenyewe, anabadilisha shuka. Hata siku moja hakumuuliza, "Na vipindi je?" Ilimfaa asiulize. Siku mbili tatu alizitaja yeye, na yeye ndiye ambaye hakurudi kusema zimetosha.

Njia ya kutoka ilikuwapo, tena aliiandika kwa mkono wake: mtoa hoja anaweza kuiondoa kabla ya kura, na mwenye undugu na mwanafunzi anajitaja na kutoka nje. Maneno mawili tu: "Mpwa wangu." Lakini yangekuja nyuma ya kicheko kile, na kila mtu mezani angemjua huyo mtu mwenye akili zake ni nani. Aibu humzuia mtu kutenda ubaya. Ya kwake ilichelewa, ikaanza kuulinda ubaya wenyewe.

"Wanaounga mkono hoja," mwenyekiti akasema, "mikono juu."

Mwalimu wa kemia alikuwa ameshawalainisha baadhi yao. Mwenyekiti akahesabu, akahesabu tena, kisha akatabasamu.

"Mtoa hoja, mbona mkono wako siuoni? Au umeishiwa na nguvu?"

Wakacheka tena, wote wakimtazama. Akaunyanyua. Hoja ikapita kwa kura moja.

Alijua wanafunzi wenye kesi huketi kwenye benchi nje ya mlango wakisubiri majibu, kwa hiyo alitokea nyuma, kupitia stoo. Alichelewa makusudi kufika nyumbani. Alipoingia, mpwa wake alikuwa jikoni akimimina kwenye bakuli supu ya bibi, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alisimama mlangoni, mkoba bado mkononi. "Majibu umepata?"

"Nimepata. Narudia mwaka."

"Nitaongea na mkuu kesho. Nitamwambia wewe ni..."

"Usimwambie, mjomba. Watakusema vibaya."

Hapo akatamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa angejua la kujibu.

"Sikiliza, mama," akasema. "Ile hoja, aliyeitoa ni mimi. Sikujua ni wewe. Halafu nikajua, na bado nikanyoosha mkono."

Binti alifuta ukingo wa bakuli kwa kitambaa, taratibu.

"Nilikuwa kwenye benchi, chini ya dirisha," akasema. "Ulipoanza tu kuongea nikaitambua sauti yako. Nikafurahi kweli. Nikajisemea, afadhali mjomba yumo, atanitetea."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayesimulia jambo lililotokea. Kisha akachukua kijiko, akamwomba ampishe kidogo mlangoni, kwa sababu bibi alikuwa hajala tangu mchana.